Injini ya Baba Katika Mvua za Tukuyu

Msafiri atokaye Mbeya kwenda Tukuyu huiacha barabara kuu iendayo Dar es Salaam pale Uyole, akageukia kusini. Kutoka Mbeya mjini mpaka Tukuyu ni kilomita 70 na kidogo tu, mwendo wa kunywa chai na kuwahi chakula cha mchana. Hata hivyo, katika kilomita hizo chache msafiri hupita nchi mbili. Kwanza hupanda milima ya Uporoto, penye baridi, viazi mviringo na ukungu, barabara ikiwa juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Kisha huteremka kupitia Isongole na Kiwira, na ghafla ulimwengu mzima unakuwa wa kijani: migomba juu ya migomba, chai iliyokatwa sawasawa kama zulia, miparachichi, kahawa, na nyuma ya vyote Mlima Rungwe wenyewe, mita 2,960 hivi, ukiwa umejifunika wingu kichwani kama mzee aliyeamka na homa.

Nilipita njia hiyo mwezi wa Aprili, nikiwa ndani ya basi. Sikwenda kutembea. Niliitwa na ndugu zangu kwa shauri moja ambalo kwa mtu wa mjini huenda likaonekana dogo: injini ya Land Rover aliyotuachia marehemu baba ilikuwa imekufa, na ilikuwa lazima tuamue kama tuifufue au tuweke nyingine.

MJI WA MVUA

Tukuyu ni mji uliokaa juu ya kilima, kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Wajerumani waliufanya makao yao ya utawala wakauita Neu Langenburg, na boma lao bado lipo. Leo ni makao makuu ya Wilaya ya Rungwe. Wageni huambiwa mambo mawili kabla hawajafungua mizigo: kwamba mji huu mwaka 1986 ulitoa mabingwa wa soka wa Tanzania Bara, yaani Tukuyu Stars, na kwamba mtu asitoke nyumbani bila mwavuli.

Jambo la kwanza ni la fahari. La pili ni la lazima. Sehemu nyingi za wilaya hii hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na kwa hiyo Rungwe ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini. Pepo zenye unyevu hutoka Ziwa Nyasa, zikagonga milima, zikamwaga kila zilichobeba. Mvua hiyo, pamoja na udongo uliotokana na majivu ya volkano za kale, ndiyo inayoilisha migomba ya Rungwe na kuijaza masoko ya miji ya mbali. Lakini mvua hiyo hiyo ndiyo inayozifanya njia za vijijini kuwa utelezi mtupu, na ndiyo inayokula chuma.

Kijiji chetu kiko kwenye mteremko wa Rungwe, kilomita kumi hivi kutoka lami. Mwezi wa Aprili gari dogo halifiki. Pikipiki hufika ikiwa dereva ni jasiri na abiria amekwisha andika wosia. Kwa miaka mingi gari pekee lililopanda kilima kile masika na kiangazi lilikuwa lile Land Rover la baba, lenye bodi ndefu, lililotengenezwa katikati ya miaka ya 1970. Lilishusha ndizi na maparachichi, likapandisha mbolea na saruji. Mgonjwa alipozidiwa usiku, watu hawakuuliza nani ana gari; walikuja kugonga dirishani kwetu.

Mwezi wa Februari walikuja kugonga. Mwanamke mjamzito alikuwa ameshikwa na uchungu tangu jioni. Mdogo wangu alitia gari moto, wakamlaza nyuma juu ya godoro, wakaanza kuteremka. Kwenye kilima cha pili, kinyume cha mto, gari lilitoa moshi wa bluu kama tanuri, likapoteza nguvu, likazima. Halikuwaka tena. Wanaume wanane walimbeba mama yule kwa machela mpaka kwenye lami, mwendo wa saa mbili gizani, wakapata gari lililowafikisha hospitali. Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Hata hivyo tangu usiku ule mama yetu hakuwa na raha. Alinipigia simu Dar es Salaam akasema maneno machache tu: "Mwanangu, lile gari si letu peke yetu. Njoo mlitazame."

KIKAO CHA NDUGU

Baada ya salamu na sahani ya ndizi zilizopikwa kwa maharage, tulikaa sebuleni watu wanne. Mvua iligonga mabati kiasi kwamba ilitubidi kusema kwa sauti ya mkutano.

Baba mdogo alianza, kama ilivyo desturi. Kwa maoni yake gari lile lilikuwa limemaliza kazi yake duniani. "Tuliuze kwa watu wa chuma chakavu," alisema, "tununue pikipiki mbili. Kila kitu kina siku yake."

Mdogo wangu, ambaye ndiye dereva, alitaka injini nyingine. Alikuwa amekwisha ulizia Mbeya akaonyeshwa injini ya dizeli iliyotumika, ya Kijapani, inayopatikana kila mahali na ambayo kila fundi kijana anaijua. "Kaka, hii ya petroli inakunywa kama ng'ombe," aliniambia. "Inatembea kilomita sita kwa lita moja. Ile ya dizeli itatembea tisa. Tena ina nguvu ya kuvuta."

Mama hakuwa na upande. Alitaka tu kujua litapanda lini.

Nami, niseme kweli, nilikuwa upande wa mdogo wangu. Nilikuja na akiba niliyoiweka kwa ajili ya kuezeka upya nyumba yangu, na nilitaka kuitumia mara moja nisiitwe tena. Kitu kipya kina utamu wake machoni hata kikiwa cha zamani kwa watu wengine. Tukakubaliana kwamba kabla ya kutoa hata senti moja, tumwulize fundi aliyekuwa akilitengeneza gari hilo tangu ujana wake.

FUNDI AFUNGUA

Gereji ya mzee yule ni banda la mabati pembezoni mwa mji, sakafu ya udongo uliolowa oili mpaka ukawa mgumu kama lami. Tulilivuta gari mpaka pale kwa trekta la jirani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia huku amekwisha inua boneti.

Nilidhani atafungua injini papo hapo. Hakufanya hivyo. Alichukua nyundo ndogo, akalala chali chini ya gari, akaanza kugonga chasi kutoka mbele kwenda nyuma, akisikiliza kila mlio kama daktari anayegonga kifua. Tung, tung, tung. Karibu na gurudumu la nyuma la kushoto mlio ukabadilika, ukawa mzito kama wa gunia. Akagonga kwa nguvu zaidi, kipande cha kutu kikaanguka.

"Mwanangu," alisema akiwa bado chini, "usinunue moyo mpya kwa ajili ya mwili unaooza."

Kisha akanieleza jambo ambalo wenye magari ya namna hii hulisahau. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, nayo haishiki kutu. Kwa hiyo kwa nje gari huonekana zima. Lakini chasi yake ni ya chuma, tena ni mabomba ya mraba yenye uwazi ndani. Matope ya Rungwe huingia humo, hukaa na unyevu wake mwaka mzima, na chuma huliwa kutoka ndani kwenda nje. Mtu aweza kuweka injini nzuri kuliko zote, gari likakatika mgongo. Kwa bahati ubovu wetu ulikuwa mahali pamoja tu, na paliweza kukatwa na kuunganishwa kipande kipya. Hiyo ikawa gharama ya kwanza, ambayo hakuna kati yetu aliyekuwa ameihesabu.

Ndipo akaigeukia injini. Ilikuwa ile ya asili, ya petroli, silinda nne, ujazo wa sentimita za ujazo 2,286, aina iliyotengenezwa Uingereza kwa miaka mingi. Alitoa plagi zote, akaingiza kipimo cha mgandamizo katika kila tundu, mdogo wangu akazungusha kwa stata. Silinda ya kwanza ilitoa ratili 110 kwa inchi mraba, ya pili 105, ya tatu 60, ya nne 100.

"Sasa angalia," alisema. Akamimina kijiko cha oili katika silinda ya tatu, akapima tena. Ikapanda mpaka 95. Hapo akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kama mgandamizo usingepanda, alituambia, basi ubovu ungekuwa katika vali, na kazi ingekuwa ya kufungua silinda hedi peke yake. Ukipanda, maana yake oili imeziba nafasi iliyopo kati ya pistoni na ukuta wa silinda. Ringi zimekwisha au silinda imelika. Nayo ndiyo sababu ya moshi wa bluu: oili ilikuwa ikipanda na kuungua. Moshi mweusi ungekuwa habari ya kabureta. Mvuke mweupe usiokoma ungekuwa habari ya maji na gasketi.

Siku ya pili hedi ikafunguliwa. Fundi alipangusa kichwa cha pistoni kwa kitambaa chenye petroli, akaniita nisogee. Pale juu ya pistoni palikuwa na namba imepigwa: 040.

"Mbombo ngafu," alisema kwa Kinyakyusa, yaani kazi ni ngumu. Kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Namba ile ilikuwa na maana yake. Silinda ikilika, fundi huipeleka ikachongwe, yaani ipanuliwe kidogo iwe mviringo safi, kisha hutiwa pistoni kubwa zaidi. Upanuzi huo huenda kwa hatua, zinazohesabiwa kwa elfu za inchi: ishirini, thelathini, arobaini. Pistoni zetu zilikuwa za arobaini. Injini ya baba ilikuwa imekwisha chongwa mpaka mahali ambapo fundi huyu hakutaka kupanda tena, kwa kuwa kila upanuzi hupunguza unene wa ukuta.

DAFTARI

Usiku ule nililitafuta daftari la baba. Sote tulijua kwamba lipo, wala hakuna aliyelisoma. Lilikuwa daftari la shule lenye jalada gumu, limehifadhiwa katika sanduku pamoja na kadi ya gari na stakabadhi za kodi. Alinunua gari lile katika mnada wa magari ya serikali mwaka 1986, likiwa limechakaa. Tangu siku ile, kila alichofanya alikiandika kwa mwandiko wake wa kikarani: oili, plagi, mkanda wa feni, springi.

Kurasa za kwanza zilikuwa historia ya nchi kwa njia yake. Fundi amekwisha nisimulia jinsi hali ilivyokuwa mapema katika miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta duniani. Spea hazikuwapo. Magari binafsi hayakuruhusiwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Mafundi walikata gasketi kutoka katika karatasi ngumu. Mwaka 1984 serikali iliporuhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, spea zilianza kuonekana tena, lakini kwa bei ya kukimbiza. Kizazi kile hakikujifunza kutengeneza kwa sababu kilipenda vitu vya zamani. Kilijifunza kwa kuwa hakukuwa na njia nyingine.

Kisha nikafika kwenye ukurasa wa mwaka 1989: "Imechongwa 20." Na mbele zaidi, mwaka 1997: "Imechongwa 40. Krenki 20. Pistoni mpya nne." Chini yake mstari mmoja: "Ng'ombe mmoja."

Nilimkumbuka ng'ombe yule. Mwaka 1997 nilikuwa kidato cha pili, na niliporudi likizo sikumkuta. Niliambiwa alikuwa mgonjwa. Kumbe aligeuzwa pistoni nne. Nikageuza ukurasa nikaona sababu. Katika miezi iliyofuata, kila wiki, baba aliandika safari za ndizi mpaka sokoni Kiwira na pembeni yake jina langu na kiasi cha fedha. Ilikuwa ada yangu ya shule.

Nilifunga daftari. Mvua ilikuwa bado inanyesha.

Msomaji aweza kudhani kwamba hapo ndipo nilipoamua. La, sikuamua. Nilijua vizuri kwamba machozi si hesabu. Baba mwenyewe asingaliweka fedha katika chuma kwa ajili ya kumbukumbu; aliuza ng'ombe kwa kuwa gari lilikuwa likileta zaidi ya ng'ombe. Nikasema moyoni kwamba nitamheshimu kwa kupiga hesabu kama yeye.

HESABU

Asubuhi tulikaa tena kwenye ndoo zilizopinduliwa, na fundi akatuwekea njia zote mbili wazi.

Njia ya kwanza: bloku ipelekwe Mbeya kwenye karakana yenye mashine, silinda zitanuliwe zaidi na kuvalishwa slivu nne za chuma, ili zirudi kwenye kipimo cha asili. Ndipo zitiwe pistoni za kawaida na ringi mpya. Krenki ichongwe kutoka 20 iende 30, itiwe metali zake. Vali zisagwe, gasketi zote mpya, pampu ya oili ipimwe. "Krenki itabakiwa na uhai mmoja," alisema. "Bloku itakuwa imezaliwa upya."

Njia ya pili: injini ya dizeli iliyotumika. Bei ya injini yenyewe ilikaribiana na gharama yote ya kuifufua ile ya zamani. Lakini injini haiji peke yake, kama vile bibi harusi haji peke yake. Ilihitaji kipande cha kuiunganisha na gia boksi, vikalio vipya vya kuchomelea kwenye chasi, rejeta kubwa zaidi, bomba la moshi, nyaya, na kazi ya siku nyingi. Tena namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, kwa hiyo Mamlaka ya Mapato nayo ingebidi ijulishwe na kadi ibadilishwe. Zaidi ya hayo, hakuna ajuaye injini iliyotumika imetembea wapi na ilitiwa oili na nani. Na gia boksi na ekseli za zamani, zilizozoea nguvu ndogo, zingeweza kuanza kulalamika moja baada ya nyingine.

Tulijumlisha. Tofauti kati ya njia hizi mbili ilikuwa sawa na bei ya lita 1,500 za mafuta. Hapo fundi akauliza swali ambalo sisi wasomi hatukuliuliza: "Gari hili hutembea kiasi gani?"

Mdogo wangu alihesabu safari za sokoni na za hospitali: kilomita 60 kwa wiki, yaani kama 3,000 kwa mwaka. Kwa petroli, kilomita sita kwa lita, ni lita 500. Kwa dizeli, kilomita tisa kwa lita, ni lita 333. Tungeokoa lita 167 kila mwaka. Kwa mwendo huo ingetuchukua miaka tisa kurudisha zile lita 1,500.

"Sasa geuza," alisema mzee. "Lingekuwa gari la abiria, linakwenda Kyela na kurudi, kilomita 200 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Hizo ni kilomita 60,000. Petroli lita 10,000; dizeli lita 6,700 hivi. Tofauti yako ingerudi kabla ya miezi sita. Hapo ningekwambia badilisha leo leo, wala usinisikilize nikikuambia habari za marehemu."

Mdogo wangu alicheka kwanza, kisha akauliza kwa uchungu: "Na nguvu je, Mzee? Wewe hukuwapo kilimani usiku ule."

Lilikuwa swali la haki. Fundi alimjibu kwa upole. Hewa ya juu ni nyembamba, na injini ya kawaida hupoteza kama sehemu moja katika kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda. Hapa kwetu, hata injini mpya imekwisha poteza zaidi ya sehemu moja katika kumi kabla haijafungwa mzigo. "Lakini lile halikushindwa na kilima kwa sababu ni dogo," alisema. "Lilishindwa kwa sababu lilikuwa linapanda kwa silinda tatu. Moshi ulianza lini?"

Mdogo wangu aliinamisha kichwa. Moshi ulianza zaidi ya mwaka mmoja kabla. Aliongeza oili, akaendelea. Nami nilikuwa nimeambiwa kwa simu, nikasema tutaona. Sote wawili tulinyamaza. Lawama ya usiku ule haikuwa ya injini.

KUSUBIRI

Bloku na krenki zilikwenda Mbeya ndani ya gari la viazi, na sisi tukasubiri. Siku moja niliwachukua watoto wa ndugu zangu, tukaenda Kiwira kuliona Daraja la Mungu. Ni tao la mwamba linalovuka Mto Kiwira, lililoachwa na moto wa volkano zamani sana. Maji yakachimba njia yake chini, mwamba ukabaki juu. Hakuna aliyelijenga, wala halijapata kubadilishwa nguzo. Si mbali na hapo mto hujitumbukiza katika tundu la mawe liitwalo Kijungu, ukachemka kama chungu kweli.

Watoto walitaka pia kwenda Ziwa Ngozi, lile lililolala ndani ya shimo la volkano juu ya Uporoto na ambalo hutajwa kuwa la pili kwa ukubwa barani Afrika kati ya maziwa ya namna hiyo. Mvua haikuturuhusu. Badala yake, njiani kurudi, mkubwa wao alinisimulia habari za kipunji, tumbili wa misitu ya Rungwe ambaye wanasayansi walimtangaza kwa ulimwengu mwaka 2005 kama aina mpya. "Lakini babu alikuwa anamjua," alisema mtoto. Ndivyo ilivyo, wawindaji wa mlima walikuwa na jina lake siku zote. Nikamfikiria mzee wangu wa gereji, ambaye aliisikia kutu kwa nyundo.

Bloku ilirudi siku ya tisa, imevikwa gunia. Silinda zake ziling'aa. Mzee alitumia siku nne kuifunga, na hakuruhusu mtu kumharakisha. Kila boliti ya hedi aliikaza kwa zamu, kutoka katikati kwenda nje. Ilipowaka, aliweka kiganja mbele ya bomba la moshi, akakinusa, akaonyesha: kikavu, hakina oili.

Tulilijaribu kwenye mpando wa kutoka Kiwira kwenda Isongole, bila mzigo na bila haraka, kwa kuwa injini iliyofunguliwa ni kama mzazi. Haibebeshwi kuni siku ya kwanza. Kwa kilomita 800 za mwanzo hakuna kukimbia wala kubeba ndizi nyingi. Kisha oili yote imwagwe na hedi ikazwe tena. Mdogo wangu aliapa mbele ya mama kwamba atayashika hayo. Nilimwona anasikiliza mlio wa injini kwa namna nyingine, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa aliyepona.

Siku ya kuondoka kwangu tulipokuwa tunateremka kwenda kwenye lami, kwenye kile kilima cha pili, mwanamke mmoja aliyebeba mtoto mgongoni alisimama pembeni kutupisha. Mdogo wangu alipunguza mwendo akamsalimu. Hakuniambia ni nani, na sikuhitaji kuuliza. Yule mama aliligonga gari ubavuni kwa kiganja mara mbili, kama mtu anavyompigapiga ng'ombe, akasema, "Ndaga fijo." Tukaendelea.

Wako wasomaji wengi wenye gari kuukuu uani na shauri kama letu sebuleni. Kwao nina maneno machache. Gonga chasi kabla hujafungua mfuko. Pima kabla hujafungua injini. Hesabu kilomita zako, si za jirani. Kama bloku imepasuka, au spea hazipatikani tena, au gari linakula barabara kutwa, badilisha wala usione haya. Kama sivyo, ya zamani huenda ina maisha mengine ndani yake. Na moshi wa kwanza usiambiwe "tutaona."

Nyumba yangu haijaezekwa upya. Itasubiri mwaka mwingine. Lakini kabla ya kupanda basi nililifungua daftari la baba, kwenye ukurasa uliofuata ule wa mwisho alioandika. Nikaandika tarehe, kisha: "Slivu nne. Pistoni za kawaida. Krenki 30. Chasi imeungwa nyuma kushoto." Nikatulia kidogo, nikaongeza mstari wa chini kama yeye: "Mabati ya nyumba." Nikampa mdogo wangu kalamu, akaliweka daftari chini ya kiti cha dereva.